Mpaka Usioonekana: Matembezi ya Familia ya Askari Ugenini

Unapojifunza Kiswahili utakutana mapema na neno "mpaka", na huenda likakutatiza, kwa kuwa lina kazi mbili. Hutaja mahali nchi moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Tena hutaja ukomo wa muda, kama tusemapo "subiri mpaka jioni". Nyumbani kwetu maana hizo mbili hukaa pamoja. Mume wangu ni askari wa jeshi la Marekani, nasi tunaishi karibu na mji wa Kaiserslautern, kusini-magharibi mwa Ujerumani, ambako makumi ya maelfu ya Wamarekani, askari pamoja na jamaa zao, wanaishi jirani na kituo cha anga cha Ramstein. Watoto wetu, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka mitatu, huhesabu siku mpaka baba yao arudi kutoka alikotumwa. Akisharudi, hudai matembezi, na mara nyingi matembezi hayo hutuvusha mpaka. Naamini kwamba hilo ndilo somo la kwanza la uraia walilolipata.

Somo huanza kabla hatujaondoka. Kukaa kwetu hapa kunaongozwa na mkataba wa nchi za NATO uliotiwa saini London mwaka 1951, ambao humwagiza askari na jamaa zake waziheshimu sheria za nchi iliyowapokea. Watoto hawausomi mkataba huo, lakini wanauishi. Wanajua kwamba Jumapili maduka hufungwa na jirani hapendi kelele. Kwamba siku hiyo watu wa hapa hutoka kutembea msituni, nasi tukikutana nao njiani tunawaamkia kwa Kijerumani. Wanajua pia kwamba kabla ya nepi, chapati na chupa ya chai, kitu cha kwanza kutiwa mkobani ni pasipoti. Mgeni huheshimu nyumba ya mwenyeji hata pale ambapo hapana mtu anayemchungulia.

Safari wanayoipenda kuliko zote ni ya Kehl, mji wa Kijerumani ulio ukingoni mwa mto Rhine. Ng'ambo ya pili ni Strasbourg, Ufaransa. Kati ya miji hiyo pana bustani iliyotandazwa pande zote mbili za mto, na daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa mwaka 2004. Siku moja tulisimama kwenye jukwaa lililo katikati ya daraja hilo, mdogo akiwa amelala katika kigari chake.

"Mama, Ufaransa imeanza?" mkubwa aliuliza.

"Inaanzia hapa katikati ya mto, mwanangu."

Akatazama chini, akaona maji tu. "Mbona hapana ukuta? Nani analinda?"

Baba yake akamjibu, "Leo hapana mtu. Tupite."

Swali la mtoto huyo lilikuwa na haki ya kupewa jibu refu zaidi, nami nakupa wewe. Fikiria mtu aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1869 na kufariki mwaka 1946 bila kuhama mtaa wake. Alizaliwa Mfaransa. Mwaka 1871, baada ya vita, mji wake ukatwaliwa na Ujerumani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha mwaka 1918 ukarudi Ufaransa. Mwaka 1940 ukachukuliwa tena na Ujerumani. Na mwishoni mwa 1944 ukakombolewa, ukawa wa Ufaransa hadi leo. Mtu huyo alibadilishiwa nchi mara nne akiwa amekaa pale pale. Mto ulikuwa ni ule ule. Watu ndio waliougeuza kuwa ngome, na watu ndio walioujengea daraja.

Gharama yake tuliiona Luxembourg, mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari kutoka kwetu. Huko Hamm yamo makaburi ya askari wa Marekani zaidi ya 5,000 wa Vita Vikuu vya Pili, miongoni mwao Jenerali Patton, yakiwa na misalaba myeupe na nyota za Daudi kwa Wayahudi. Karibu na hapo, Sandweiler, wamezikwa askari wa Kijerumani zaidi ya 10,000. Tulizuru kote kuwili siku ile ile. Katikati ya safu za misalaba, mtoto alimshika baba yake mkono, akauliza, "Baba, na wewe utawekewa jiwe kama hili?" Mume wangu alichutama, akamtazama machoni. "Sijui, mwanangu. Leo nipo." Hakuongeza neno, nami sikuthubutu kuongeza langu. Wiki tatu baadaye alitumwa tena kazini, tukaanza upya kuhesabu siku.

Mipaka hii ilifunguliwa kwa kalamu. Tarehe 14 Juni 1985, karibu na kijiji cha Schengen, Luxembourg, ndani ya meli iliyokuwa mtoni Moselle, nchi tano zilikubaliana kuondoa hatua kwa hatua ukaguzi mipakani mwao. Ukaguzi wenyewe uliondolewa mwaka 1995. Hata hivyo, usidhani kwamba mlango uliofunguliwa haufungiki. Machi 2020, wakati wa Uviko, Ujerumani ilirudisha ukaguzi mpakani na Ufaransa, na Septemba 2024 ikauweka tena katika mipaka yake yote ya nchi kavu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hilo. Jumuiya yetu ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mpaka mwaka 1983. Nimekulia upande wa Namanga, ambako Wamaasai wana jamaa huku na huko. Wazee wetu hawakuhitaji kitabu ili waeleze maana ya kuzuiwa kwenda kumzika ndugu. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na itifaki ya soko la pamoja ikaanza kutumika Julai 2010.

Basi, msomaji wangu, utakapovuka mpaka wa nchi jirani, iwe Namanga, Busia au kwenu uliko, usipite kimya. Kama una mtoto mkononi, mwoneshe mahali ulipo mpaka, mweleze ulivyokuwa zamani na nani aliufungua. Akikuuliza swali gumu, mjibu kwa kadiri ya ujuzi wako. Watoto wangu wameanza kuuliza ni lini tutakwenda tena Kehl. Nimewaambia wangoje mpaka baba yao arudi.