"Mfumo Unasumbua"

Mwaka jana nilipanga foleni katika ofisi moja ya umma, nyuma ya bibi aliyekuwa akifuatilia mafao ya marehemu mumewe. Kila namba ya jalada ilipoingizwa, kompyuta ilikaa dakika kadhaa bila jibu. "Mfumo unasumbua," karani alisema. Wakubwa walikwisha kuomba fedha za seva mpya.

Fundi wa pale, mwanafunzi wangu wa zamani, alininong'oneza chanzo: namba za majalada hazikuwekewa faharasa. Kwa hiyo kila ulizo liliilazimu kompyuta kusoma kumbukumbu zote, moja baada ya nyingine. Penye faharasa, kila hatua huondoa angalau nusu ya zilizobaki. Kumbukumbu 1,000,000 hazihitaji zaidi ya hatua 20 hivi. Tiba ilikuwa amri ya mstari mmoja. Aliiandikia barua, haikujibiwa.

Seva mpya ingerudia upotevu uleule kwa kasi zaidi. Lakini seva ina zabuni, na zabuni ina wenyewe. Amri ya mstari mmoja haina posho.

Ndugu mtumishi wa umma, kabla hujasaini ombi la seva, muulize fundi wako: kompyuta inasoma nini inapochelewa?

Bibi yule aliambiwa arudi kesho.