Unywele kwenye ndoano: fundisho kwa wavuvi wetu

Wazee wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika wanasema samaki hashikwi kwa nguvu, anashikwa kwa akili. Usiku wavuvi wanawasha taa, ndagala wanafuata mwangaza, mikebuka nao wanafuata ndagala ili wawale. Huko Marekani na Canada pia watu wanaloba kwa akili, lakini kwa njia ingine: wanafunga nywele za mnyama kwenye ndoano, na samaki anadhani ni mdudu.

Mnyama huyo ni yule Wafaransa wanamwita cerf. Porini kwetu hayuko. Sisi tuko na swala na kulungu, ambao ni jamaa ingine. Unywele wake uko na vyumba vidogo vidogo vya hewa ndani, ndiyo sababu unaelea juu ya maji. Fundi anakata fungu nene kama kalamu, anachana manyoya laini ya chini na kuyatupa, maana yanakunywa maji. Kisha analaza fungu juu ya ndoano na kuzungusha uzi mara mbili bila kukaza. Akivuta sasa, nywele zinasimama pande zote kama miiba ya nungunungu. Anazisukuma nyuma kwa vidole, anafunga fungu lingine mbele, mpaka zinabanana. Mwisho anazichonga kwa mkasi. Nywele ndefu za mkia hazisimami vile. Hizo zinafaa kuiga samaki mdogo mwembamba.

Miaka ya 1930, kando ya mto Nipigon huko Canada, Don Gapen alitengeneza ndoano ya namna hiyo, Muddler Minnow, inayoiga samaki mdogo anayekaa kati ya mawe. Mpaka leo watu wanaifunga katika inchi nyingi. Juu ya nini haikupotea? Sababu hatua zake ziliandikwa na kuchorwa. Hata wavuvi wa Makedonia, waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoano karibu miaka 1800 iliyopita, tunawajua kwa sababu Aelianus, mwandishi wa Roma, aliwaandika.

Na sisi je? Tunapowatuma wanafunzi wetu wakaulize namna ya kusuka mgono, wengi wanarudi na daftari tupu: babu alikwisha kufa, na baba hakujifunza. Hakuna aliyezuia kazi ile. Imekosa tu mtu wa kuipokea.

Hatuombi vijana wetu watafute nywele za cerf. Tunaomba kila mmoja akae karibu na mvuvi mzee mmoja, angali hai, aangalie vidole vyake, kisha aandike: mti gani, kamba gani, msimu gani, fundo linaanzia wapi. Achore pia. Kalamu moja na daftari moja vinatosha kuanza, ila wazee hawatatungojea.