Kilima Kile ni cha Nani?

Mgeni akitaka picha ya Lubumbashi, tunampeleka mahali pamoja tu: penye dohani ndefu ya mita zaidi ya 150, na kando yake kilima cheusi kisichoota jani. Tunakionea fahari, wala si bure. Babu zetu wengi waliitwa wafanyakazi kwa sababu ya tanuru zile, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto. Lakini mtu aweza kuheshimu jasho la babu yake na bado akauliza ni kitu gani kilichobaki uani.

Tanuru za Union Minière du Haut-Katanga zilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911. Shaba ilichotwa, na masalio yakamwagwa pembeni yangali moto, mwaka baada ya mwaka. Taifa lilipoitwaa kampuni mwaka 1967, kazi iliendelea vilevile, na kilima kikazidi kupanda. Ndani yake mlibaki kobalti na zinki, ambazo mafundi wa zamani hawakuzihitaji sana. Ndiyo maana tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kilima hicho kinachimbwa upya, na mwaka 2024 gerimaniamu iliyotolewa katika masalio yale ilianza kusafirishwa hadi Ubelgiji. Jalala limegeuka kuwa ghala.

Hapo sheria inaamka. Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inayahesabu makapi ya namna hii kuwa hazina ya madini iliyofanywa kwa mikono ya watu, nayo inatoa hati maalumu ya kuyachimba. Mwenye hati anapaswa kuchunguza madhara ya kazi yake kwa mazingira, kuonyesha jinsi atakavyoyapunguza, na kuweka dhamana ya fedha za kupatengeneza mahali pale atakapoondoka. Ni ulinzi mzuri. Ila unafuata mipaka ya hati, na moshi haukufuata mpaka wowote.

Nendeni Penga Penga mkaone. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulibeba gesi ya salfa na vumbi la metali kutoka dohani, ukavishusha upande ule. Miombo ikafa, mvua ikachukua udongo wa juu, na ardhi ikabaki uchi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu huko kurudisha uhai kwa chokaa, mboji na nyasi fupi zinazovumilia shaba. Nyasi zinashika. Kazi hiyo ni ya polepole mno, nasi tunaona ni mojawapo ya kazi za heshima zinazofanyika katika mji huu, ijapokuwa hakuna anayeipiga picha.

Mwaka 2009 watafiti wa chuo hicho pamoja na wenzao wa Leuven walitangaza matokeo ya vipimo vya mkojo wa wakaaji wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko wale wa mbali, na watoto walizidi watu wazima. Uchunguzi uliofuata ulionyesha njia zake: chakula, na vumbi. Mama anayefagia uwanja alfajiri, mtoto anayecheza chini kisha akatia kidole mdomoni, lengalenga zilizooshwa haraka kabla ya bukari kuiva: hawa hawamo katika hati ya mtu yeyote. Metali iliyo kilimani ina mwenyewe, tena mwenye mihuri na mikataba. Ile iliyokwisha kuingia uani haina.

Wengine husema hayo ni ya wakoloni, tumdai nani sasa? Hoja hiyo ina uzito, lakini inachoka upesi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu kinachofuata kinadai fidia au matengenezo kwa kila uchafuzi unaotokana na kazi ya uchumi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inampa mwananchi haki ya kupata habari. Tangu mwaka 2014 ipo pia Agence Congolaise de l'Environnement, yenye kazi ya kuzipima tathmini za madhara.

Basi vikundi vya parokia vilivyo karibu na dohani vyaweza kuanza na barua fupi, yenye sahihi na tarehe, nakala moja ikibaki parokiani. Iulize: udongo wa viwanja vya shule zetu umepimwa lini, na nani? Vumbi la kilima linazuiwaje wakati wa kiangazi? Dhamana ya matengenezo ni kiasi gani, nayo itafika hadi wapi, kwenye uzio tu au hadi Penga Penga? Jibu likichelewa, andikeni ya pili, mkitaja tarehe ya ile ya kwanza.