Msumeno wa Methali

Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tumeizoea vinywani hata tumesahau kuuliza: ni msumeno upi huo unaosemwa? Maana misumeno haifanani, na tofauti yake imo menoni.

Swali hili lilinijia Tegeta, chini ya kilima cha Wazo, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966 na ambako ujenzi haujui kulala. Kando ya barabara ya Bagamoyo, karakana za maseremala zimepakana na za mafundi wa vyuma na za madirisha ya alumini, na mwenye sikio huijua kazi kwa mlio wake kabla ya kuiona.

Marehemu baba alituachia ubao mmoja wa mninga, uliotoka katika mlango wa nyumba yetu ya zamani. Tulitaka ugeuzwe rafu ya vitabu vyake. Ubao ulikuwa mmoja tu. Ukiharibika, hakuna wa pili. Niliupeleka kwa seremala mmoja mzee wa mtaani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uweke hapa tuusikilize."

Hakushika kipimo. Kwanza aliupitishia sumaku kutafuta misumari iliyozama, kisha akazifuata nyuzi za mti kwa kidole. Ndipo akateremsha misumeno miwili ukutani. Wa kwanza ulikuwa na meno makubwa, machache, kila jino mfano wa patasi ndogo. Huo ni wa kupasua, hufuata nyuzi na kuzichonga kuelekea mbele. Wa pili ulikuwa na meno madogo yaliyonolewa ubavuni kama visu, nao ni wa kukata nyuzi kwa upana. Ukiupa wa kupasua kazi ya kukata, nyuzi huchanika na ubao ukawa na ndevu. Ukiupa wa kukata kazi ya kupasua, utatoka jasho na njia isiende. Meno ya yote mawili yamepindwa, moja kulia na moja kushoto, ili njia iwe pana kuliko bamba lenyewe. Pasipo hivyo, mti huubana msumeno usitoke.

Kijana wake alikuwa akikata bomba jembamba la chuma. Mzee alimzuia na kumbadilishia wembe. Wembe wa msumeno wa chuma huwa na meno 18, 24 au 32 kwa inchi, na kanuni yake ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya kitu kinachokatwa. Kitu kikiwa chembamba na meno yakiwa makubwa, jino hunasa ukingoni na kuvunjika. Kitu kikiwa kinene na laini, meno madogo hujaa unga yakateleza bure.

Alipoketi kuunoa msumeno wake kwa tupa ya pembe tatu, alilalamika kwamba misumeno mingi ya dukani siku hizi meno yake yamefanywa magumu mno, tupa haiyali. Ikiwa butu, hutupwa. Kijana basi hujifunza kununua, hajifunzi kunoa. Na asiyejua kunoa hawezi kujua kwa nini jino limekaa lilivyokaa.

Hapo nikamuuliza juu ya methali. Akacheka. "Huu wangu hukata ukisukumwa, ukirudi, unapumzika. Unaokata mbele na nyuma ni ule wa magogo, wa watu wawili. Huyu ana mpini wake na yule ana wake. Huyu akivuta, yule hulegeza."

Tangu siku hiyo methali imenizidia uzito. Tumeifanya kitisho cha wenye nguvu kwa wanyonge, ilhali msumeno unaosemwa hauna mpini mmoja. Ukata wake wa pande mbili hautokani na ukali peke yake: meno yake yamechongwa kukabili pande zote, na ncha zote mbili zina mikono. Mkono mmoja ukiachwa upande mmoja tu, bamba hupinda na gogo hubaki pale pale. Sheria iliyoshikwa na mkono mmoja ni msumeno wa kupasua: hukata kwenda mbele tu, na mbele yake daima yupo mtu.