Sahihi Niliyoiomba

Mzee aliyeniita nimwandikie wosia alikuwa na akili timamu kunizidi. Alikaa kitandani akitaja kimoja kimoja: ploti ya sokoni, ng'ombe, shamba kwa wanawe, na ekari moja kando ya mto kwa binti wa dada yake, aliyemwogesha na kumlisha wanawe wakiwa mjini. “Mwalimu, ya huyu iandike kwanza.” Nikaandika kwenye fulskepu kwa kalamu ya wino, naye akatia sahihi.

Jirani akashuhudia. Shahidi wa pili sikuhangaika kumtafuta; mpwa alikuwa mlangoni na bakuli la uji, nikamwita aje atie sahihi.

Nilijiona mjuzi. Nilijua kuwa Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 11, inataka sahihi ya mwenye wosia na mashahidi wasiopungua wawili, kila mmoja awe amemwona akiitia au amesikia kwake mwenyewe kwamba ni yake. Si lazima hata wawe pamoja. Nikaupeleka kwa chifu ukagongwa muhuri, jambo ambalo sheria haidai, lakini kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia maandazi.

Kifungu cha 13 sikuwa nimekisoma. Ukishuhudia wosia, ulichoachiwa humo, wewe au mume au mke wako, ni batili, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi yoyote. Wosia wenyewe haufi. Kwa hiyo, mzee alipofariki na wosia kufika kortini, wanawe walipata vyao vyote kwa karatasi ileile, na ekari ya mto ikawarudia wao.

Nami kalamu nilikuwa nayo mkononi! Nilijizuia kushuhudia kwa kuwa mzee aliniteua msimamizi wa wosia, nikidhani msimamizi hafai kuwa shahidi. Sheria haimkatazi. Sahihi yangu na ya jirani zingetosha.

Wanawe wangeweza kumpa mpwa ekari hiyo kwa hiari. Niliwasihi, mkubwa wao akajibu kwamba korti imeshasema.

Mpwa anaamini hakimu alihongwa, na anamweleza hivyo kila anayemuuliza sokoni anakouza mboga. Mimi huniongezea fungu. Sijamwambia bado kwamba sahihi yake ndiyo iliyomponza, na kwamba aliyeiomba ni mimi.