Mwaka Mmoja Wuppertal: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Tangu turudi nyumbani Lushoto, watu wengi hutuuliza tuliona nini Ujerumani. Watoto hujibu upesi: theluji, na treni inayoning'inia hewani. Sisi wazazi hukumbuka zaidi sufuria moja ya pilau iliyobaki vilevile usiku wa Krismasi. Tungependa kuwasimulia akina mama wenzetu habari za sufuria hiyo.

Tulifika Wuppertal Agosti 2018. Baba wa nyumba yetu alikuwa amealikwa kufanya kazi katika sharika za huko kwa mwaka mmoja, nasi tukaenda naye: mama, kijana wetu wa miaka kumi na miwili, na binti yetu wa miaka sita. Wuppertal ni mji wa viwanda vya zamani vya nguo, katika bonde la mto Wupper, magharibi ya Ujerumani. Una vilima vikali na ngazi nyingi, hata siku ya kwanza tukasema hii ni Lushoto iliyojengwa maghorofa. Juu ya mto hupita ile treni, ikining'inia chini ya reli yake kwa urefu wa kilometa 13 na kidogo. Ilianza kubeba abiria mwaka 1901. Mwaka 1950 mtoto wa tembo wa sarakasi, jina lake Tuffi, alipandishwa humo ili kutangaza maonyesho. Akashtuka, akavunja ukuta wa behewa na kuanguka mtoni. Akatoka hai! Binti yetu hakuchoka kusimuliwa kisa hicho.

Shule

Mtoto wa Kijerumani anapoanza darasa la kwanza hupewa koni kubwa ya karatasi ngumu, iliyojaa peremende, penseli na vitu vya kuchezea. Sisi hatukuwa na habari. Jirani mmoja wa usharikani alituuliza jioni ya kuamkia siku hiyo, na tuliposhangaa akaenda zake bila neno. Asubuhi tukaikuta koni mlangoni, imefungwa utepe mwekundu. Langoni mwa shule binti yetu akasoma herufi pole pole, kisha akapiga kelele: "Mama, wameandika shule!" Ndivyo ilivyo. Neno letu shule limetoka kwao, *Schule*, na siku hiyo lilitusaidia kuliko kamusi.

Kaka yake alipata taabu zaidi. Alikuwa mwepesi wa maneno nyumbani, na sasa akawa bubu. Siku moja alileta karatasi ya jaribio la hisabati, na juu yake ilikuwa imeandikwa 1 kwa wino mwekundu. Tulimgombeza vikali. Tulimwambia hatukuvuka bahari ili aje kupata moja. Hakujibu kitu, akaingia chumbani. Kesho yake mwalimu alitupongeza, akatueleza kwamba alama zao huanzia 1 hadi 6, na 1 ndiyo bora kuliko zote. Jioni ile tulimwita mtoto, baba na mama pamoja, tukamwomba msamaha. Si jambo jepesi kwa mzazi wa Kiafrika, lakini tunawashauri wenzetu walijaribu. Tangu siku hiyo alianza kutusimulia mambo ya shuleni.

Taa za Novemba

Tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martin, yule askari wa karne ya nne aliyekata joho lake na kumpa maskini nusu. Watoto hutengeneza taa za karatasi darasani, na giza linapoingia huandamana mitaani wakiimba, nyuma ya mpanda farasi mwenye joho jekundu. Sisi Walutheri tulifurahi kukumbuka kwamba Martin Luther, aliyezaliwa tarehe 10 Novemba 1483, alipewa jina hilo kwa sababu alibatizwa siku ya mtakatifu huyo.

Baada ya wiki moja, tarehe 18 Novemba, sehemu ndefu ya chuma cha umeme cha treni ile ilianguka. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia, lakini treni zikasimamishwa. Tukabaki na mabasi, baridi na giza la saa kumi na moja jioni.

Krismasi ya kimya

Mama wa nyumba yetu ni muuguzi mwenye diploma. Kule hakuweza kuajiriwa katika kazi yake, maana vyeti vya nje lazima kwanza vitambuliwe na mtihani wa lugha ufauluwe, na mwaka mmoja hautoshi. Basi akajiunga na kikundi cha usharika kinachotembelea wazee. Wengi wao walikuwa wakiishi peke yao. Walikuwa na dawa zilizopangwa vizuri katika visanduku vya siku saba, lakini walikosa mtu wa kuwauliza kama wamelala salama. Tulirudi nyumbani tukisema: wazungu hawa, mbona wanawaacha wazee wao? Tulisema hivyo mara nyingi, na kwa kujiamini.

Ilipofika Krismasi tulipika kama tulivyozoea. Pilau sufuria nzima, kuku wawili, kachumbari. Tulimaliza ibada ya jioni ya tarehe 24, tukawasha mishumaa minne ya shada la Majilio, tukakaa kusubiri. Kwetu nani hualikwa Krismasi? Watu huja tu. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Barabara ilikuwa kimya kama mtaa wenye msiba. Kule usiku huo kila familia hujifungia na watu wake, na hakuna abishaye hodi bila miadi. Binti yetu alilala mezani akisubiri wageni. Tulikula pilau hilo siku nne.

Msiba

Februari 2019 simu ililia usiku. Bibi mzaa baba alikuwa amefariki kijijini. Fedha zilitosha tiketi moja tu, kwa hiyo baba alikwenda kumzika mama yake, nasi tukabaki. Wenzetu mnajua matanga yalivyo: watu hujaa, maji hutekwa bila wewe kuomba, mtu hulala pembeni yako. Sisi tulikaa watatu sebuleni, na nje mabasi yalipita kama siku nyingine.

Kesho yake kijana wetu alikutana ngazini na mama mmoja mzee, mjane aliyeishi ghorofa ya juu yetu. Tulizoea kusalimiana naye kwa kichwa tu. Akamwambia kwa Kijerumani chake kidogo kwamba bibi amekufa. Jioni tukasikia fimbo ikishuka ngazi taratibu. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, na mkononi ana keki ya matofaa. Akaketi, akamshika mama mkono, wala hakusema mengi. Akarudi jioni ya pili, na ya tatu.

Ile ya tatu alituambia jambo ambalo hatujalisahau. Usiku wa Krismasi alikuwa peke yake, maana watoto wake wanaishi mbali na mwaka ule hawakuweza kuja. Harufu ya vitunguu na viungo ilipanda hadi kwake. Alishuka ngazi mpaka mlangoni petu, akasimama, akaogopa kutusumbua, akapanda tena.

Msomaji mpendwa, tulilia. Tulikuwa chini na sufuria iliyojaa, na juu ya vichwa vyetu mama wa watu alikula mkate peke yake. Miezi yote ile tuliwahukumu wenyeji kwa kuwaacha wazee, na mzee wa ngazini kwetu hatukuwahi kumwita mezani. Tulijiona wageni, tukasubiri kukaribishwa. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikwenda, lakini hatukumponya mtu.

Pasaka

Tangu hapo watoto walimwita Bibi. Tulikubaliana kwamba Pasaka, tarehe 21 Aprili, haitapita kama Krismasi. Wiki tatu kabla tuliandika kadi, kwa kuwa ndiyo desturi yao, tukawaalika wazee wa kikundi chetu kwa chakula cha mchana Jumatatu ya Pasaka. Tuliandika saa saba. Saa saba kamili, wali ukiwa bado haujakauka, kengele ililia na wote kumi na mmoja walikuwa mlangoni na maua mikononi! Walikaa hadi jioni. Mmoja aliomba apewe ukoko.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Mei tulikwenda Bethel, katika mji wa Bielefeld, kazi iliyoanza mwaka 1867 kwa kuwatunza watu wenye kifafa. Misioni iliyokuja kuitwa ya Bethel ndiyo iliyoanza kazi Mlalo mwaka 1891, na kwetu Usambara tunaijua hospitali ya Lutindi, iliyoanza kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, kisha ikawa ya wagonjwa wa akili. Muuguzi wetu aliwaona wenye ulemavu wakifanya kazi na kunywa kahawa pamoja na watu wengine, bila kufichwa. Juni tulikwenda Dortmund kwenye ule mkutano mkubwa wa Wakristo wa Kiprotestanti ufanyikao kila baada ya miaka miwili. Watoto waliimba huko, na kijana wetu, yule aliyekuwa bubu, ndiye aliyetutafsiria.

Tarehe 1 Agosti 2019 treni ya kuning'inia ilianza tena. Tuliipanda pamoja na Bibi. Alimwonyesha binti yetu mahali Tuffi alipoangukia. Wiki mbili baadaye tulipanda ndege.

Sasa tufanye nini?

Tuliporudi tulijiuliza: hapa kwetu, nani ananusa pilau letu kutoka mbali? Tulipotazama tukawaona. Mwalimu aliyepangiwa kazi mbali na kwao. Muuguzi mpya anayekaa chumba cha kupanga na hajui Kisambaa. Mjane ambaye watoto wake wako Dar es Salaam. Wote hawa wanasikia nyimbo zetu za sikukuu, na wanaogopa kusumbua.

Siku hizi, wiki ya kwanza ya Majilio, wanawake wa usharika wetu huandika majina ya walio peke yao, na kila nyumba huchukua jina moja. Hatusemi "karibu siku yoyote", maana siku hiyo haifiki. Tunataja siku na saa, na mtoto mmoja hutumwa kumleta mgeni. Waebrania 13:2 hutukumbusha sababu.

Dada mpendwa, kabla hujapima mchele wa sikukuu ijayo, panda ngazi kwanza ukabishe hodi.