Masanduku ya Bata wa Mwitu



Tangu niliporudi kutoka Marekani wengi wameniuliza habari za nchi ile, na karibu wote huuliza juu ya majumba marefu na baridi. Majumba marefu naliyaona kwa mbali tu, na baridi imekwisha kusimuliwa na wengine. Mimi nataka kuwaandikia juu ya masanduku ya mbao ambayo watu wa kule huyasimamisha kando ya maji, ili bata wa mwitu watagie humo. Kazi hiyo naliifanya kwa mikono yangu, nami naweza kuieleza bila kubahatisha.

Tangu mwezi wa Januari hata Juni, mwaka 2019, nalikuwa mgeni wa Wakristo wa jimbo la Minnesota walio rafiki za parokia yetu. Nalikaa kwa mzee mmoja mgane, wa miaka 79, mwenye ziwa dogo nyuma ya nyumba yake na masanduku 12 majini na ukingoni.

Bata aliyemwekea masanduku hayo si kama bata wetu wa kufugwa. Ni mdogo, dume lake lina kichwa cha kijani na zambarau chenye mistari myeupe, na macho mekundu, na jike ni la kijivujivu lenye duara jeupe kuzunguka jicho. Wao humwita bata wa miti, kwa kuwa hatagi katika manyasi kama bata wengi, bali katika tundu la mti mzee, lililoachwa na gogota au lililooza pale tawi lilipovunjika. Mwenyewe hawezi kutoboa mti. Wala hachukui majani kutandika ndani. Hulalia kile anachokikuta humo, akaongeza manyoya laini ya kifua chake. Basi miti mizee ikikatwa, bata huyu hana pa kwenda.

Ndivyo ilivyotokea. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamekuwa haba sana, kwa sababu misitu ya kando ya mito ilikatwa, vinamasi vikakaushwa, na watu waliwawinda bila kiasi. Mwaka 1916 Marekani na Uingereza, iliyosimama kwa ajili ya Kanada, zilipatana kuwalinda ndege wahamao, na mwaka 1918 ikatoka sheria. Bata wa miti hawakuwindwa tena kwa halali mpaka mwaka 1941, ruhusa ilipotolewa kwa kiasi katika baadhi ya majimbo. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1937, masanduku mamia kadhaa yalisimamishwa katika jimbo la Illinois, na tangu hapo desturi ikaenea. Leo bata hao ni wengi tena. Lakini mzee hakupenda nimsifu mno kwa mbao zake. Alinikumbusha kwamba walio wengi huanguliwa hata sasa katika mashimo ya miti. Sanduku ni msaada mahali ambapo miti hiyo imekwisha.

Sanduku lenyewe ni hivi. Mbao ni za mwerezi, zisizopigwa randa, wala rangi wala dawa. Kimo chake ni futi 2, na sakafu yake inchi 10 kila upande. Tundu la kuingilia ni la umbo la yai lililolala, upana inchi 4 na kimo inchi 3. Ndani, chini ya tundu, hupigiliwa kipande cha wavu wa waya, ili vifaranga wapate mahali pa kushika kwa kucha wakati wa kupanda. Ubao laini kwao ni kama ukuta wa kisima. Sakafuni hutobolewa matundu madogo ya kutoa maji, na juu yake humwagwa maranda ya mbao, kiasi cha inchi 4. Unga wa msumeno haufai, kwa kuwa hushika maji na kugandamana. Upande mmoja huwekwa bawaba, uwe mlango wa kusafishia. Fundi mwenye msumeno na nyundo atalimaliza kwa nusu siku, na sehemu hii ya kazi kila mtu huipenda.

Kazi nyingine huja mwezi wa Februari. Wakati huo maji ya ziwa ni magumu kama sakafu, hata mtu aweza kutembea juu yake na ngazi begani. Tulitoboa kwanza kwa keekee kubwa kupima unene. Hata hivyo siku ya kwanza miguu yangu ilikataa, nikamkumbuka Petro. Tulikwenda sanduku kwa sanduku, tukatoa maranda ya kale na kutia mapya. Katika mengine tulikuta ngozi za ndani ya mayai, nyepesi kama karatasi. Hizo ni ushahidi kwamba vifaranga walitoka salama. Katika mengine tulikuta mayai yaliyooza, kiota cha nyigu, au majani yaliyoshindiliwa na kindi. Kila tulichokiona mzee alikiandika katika daftari aliloanza mwaka 1986. Mimi niliye mtunza kitabu cha ubatizo nalifurahi kuona daftari lililotunzwa hivyo.

Katika sanduku la tisa tulikuta mifupa ya jike na maganda yaliyovunjwa. Kila nguzo ilikuwa imevikwa bati lililokunjwa kama kofia pana, kumzuia mnyama aitwaye rakuni, ambaye ukubwa wake ni kama fungo na mikono yake kama ya tumbili. Bati la nguzo ile lilikuwa limelika kwa kutu na kuanguka. Rakuni alipanda, akamkamata mama juu ya mayai. Mzee alisimama kimya kitambo, kisha akasema, “Huyu nalimwita mimi.”

Hapo nalifahamu jambo ambalo sikulisikia kwa wale wanaosifu masanduku. Tundu la mti limefichika, na adui hana budi kulitafuta. Sanduku juu ya nguzo laonekana na wote, na rakuni akishajifunza umbo lake, hukagua moja baada ya jingine. Tena yakisimamishwa mengi karibu karibu, majike huonana, na mmoja hutaga katika kiota cha mwenzake. Jike hutaga mayai kama 10 hata 15 na kuyaatamia siku 30 hivi. Lakini katika masanduku ya namna hiyo hukutwa mayai 30 na zaidi, ambayo hapana mama awezaye kuyapasha moto yote. Brad Semel na Paul Sherman walichunguza habari hii katika miaka ya 1980 na baadaye, wakashauri masanduku yatengwe na kufichwa miongoni mwa miti, kama matundu ya asili.

Juma lile lile mzee akanena kwamba masanduku saba yatang’olewa. Tabibu alikuwa amemkataza kutembea juu ya barafu, na wanawe wako miji ya mbali. Matano yaliyo ukingoni aliweza kuyafikia. Saba ya majini hakuweza tena. Nalimwambia, “Mzee, bata watarudi mwezi wa Aprili wakute nyumba zao hazipo.”

Akajibu, “Watazunguka siku mbili tatu, watatafuta mti. Wakiyakuta wataingia, na mimi sitakuwapo kutazama bati.”

Nikamuuliza juu ya vijana wa kanisa lake. Akasema waliwahi kuja, wakatengeneza masanduku 20 kwa Jumamosi moja, kwa nyimbo na chakula. Mwaka uliofuata walikuja wawili kuyasafisha, na mwaka wa tatu hakuja mtu. Aliyang’oa yale pia. Hakusema kwa uchungu. Mimi hata leo naona angaliweza kuwaomba mara ya pili, maana vijana hukua. Lakini nyumba ni yake na daftari ni lake. Tuliyang’oa yote saba kwa siku mbili na kuyakokota juu ya barafu. Mawili alimpa mama mmoja jirani, baada ya kumtembeza kando ya ziwa zima na kumsomea kurasa za miaka mibaya.

Mwisho wa Mei nalipata kuona vifaranga wakitoka katika mojawapo ya yale matano. Mama alishuka chini akaita kwa sauti ndogo. Wakatokea tunduni mmoja mmoja, wa umri wa siku moja, wakajitupa. Nalihesabu 11. Watokao katika miti mirefu huanguka hata futi 50 wasiumie, kwa wepesi wao.

Kwetu Kilombero yuko bata wa mwitu ambaye dume lake lina kinundu juu ya mdomo, naye pia hutaga katika mashimo ya miti. Mti wenye shimo wachoma makaa huukata kwanza, wakidhani hauna faida. Naliwaomba wazee wa kigango wauache mkuyu mkongwe ulio nyuma ya kanisa, na huo nauhesabu kuliko masanduku kumi. Wengine waliniuliza kama kula mayai hayo ni dhambi. Nalijibu kwamba watu wa Finland na Sweden tangu zamani waliwatundikia bata wa kwao magogo yaliyotobolewa, wakatwaa baadhi ya mayai na kumwachia mama mengine. Na wasome Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, juu ya kumwacha mama aende zake.

Vijana walitaka kutundika mizinga 15. Nalisema kila mzinga uandikwe jina la mtu atakayeutazama kila mwezi na kuusafisha kabla ya masika. Yalipatikana majina matatu, tukatundika mitatu, kila mti umevikwa bati kwa ajili ya kenge na kanu. Mmoja umekaliwa na nyuki, nasi hatukuwafukuza. Wa pili u mtupu. Katika wa tatu tulikuta manyoya mawili ambayo hatukuyatambua, na mwenye mzinga huo, kijana wa darasa la kipaimara, amekwisha kubadili bati mara mbili.